Watu wa Salem na Nguo ya Marekani



Ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee aliyekula chumvi nyingi, muulizeni marekani ni nini. Yamkini hatataja nchi kwanza, atataja nguo. Atawaambia ya kuwa marekani ni nguo ya pamba isiyopaushwa, rangi yake ya kimanjano hafifu, nzito, ngumu, isiyochakaa upesi. Walioweza waliivaa kama ilivyo, na wengine waliitia rangi ya nili ikawa kaniki. Manahodha waliikata wakashona matanga, badala ya yale matanga ya majamvi yaliyotumiwa na mitepe ya zamani. Wapagazi waliibeba kwa majora mpaka Tabora na Ujiji, na huko bara ikawa ni kama fedha: mikono minne ilikuwa shuka, shuka mbili zilikuwa doti, na kwa doti mtu alinunua chakula, akalipa hongo ya njia, akaajiri watu. Wengi waliijua nguo hiyo miaka mingi kabla ya kujua ya kuwa iko nchi yenye jina hilo.

Marekani ni nchi pana yenye majimbo mengi, lakini wale waliotuletea nguo hii hawakutoka kila pembe ya nchi. Kwa muda wa miaka arobaini hivi wengi wao walitoka jimbo moja, Massachusetts, na tena katika jimbo hilo walitoka mji mmoja wa pwani usio mkubwa, nao ni Salem. Usiku huu nitawasimulia habari za watu wa mji huo, wale waliofika kwetu na wale wasiofika kamwe. Maana habari ya nguo ile haikamiliki kwa kuwataja wachuuzi peke yao.

Massachusetts iko kaskazini-mashariki ya Marekani, kando ya bahari ya Atlantiki. Wakati wa baridi theluji hufunika nchi, na mashamba yake mengi yana mawe. Wenyeji wa asili walikuwa makabila kama Wampanoag. Mwaka 1620 walifika Waingereza waliotaka kumwabudu Mungu kwa namna yao, wakakaa Plymouth. Mwaka 1626 wengine wakaanza kukaa mahali ambapo wenyeji walipaita Naumkeag, na hapo ndipo Salem. Mji huo ulipata sifa mbaya mwaka 1692, watu walipoanza kushitakiana uchawi. Katika fitina hiyo watu 19 walinyongwa na mzee mmoja aliuawa kwa kugandamizwa na mawe, kisha wenyewe wakaja kujuta. Vita vya kutaka kujitawala mbele ya Mfalme wa Uingereza vilianza katika jimbo hilo hilo, Aprili 1775, katika vijiji vya Lexington na Concord. Mwaka 1780 watu wa Massachusetts walijiandikia sheria kuu iliyosema ya kuwa wanadamu huzaliwa huru na sawa, na kwa ajili ya maneno hayo mahakama yao mwaka 1783 yalihukumu ya kuwa utumwa haupatani na sheria za jimbo. Yawekeni moyoni hayo ya mwaka 1783, kwani tutayarudia.

Kwa kuwa ardhi yao haikuwa karimu, watu wa Salem waliishi kwa bahari. Mmoja wao alikuwa Nathaniel Bowditch, aliyezaliwa mwaka 1773. Aliacha skuli akiwa na umri wa miaka kumi tu ili amsaidie baba yake kazi ya kutengeneza mapipa, akajifunza hesabu mwenyewe usiku kwa usiku, akasafiri, akavuka bahari mara nyingi, na mwaka 1802 akatoa kitabu cha kuongozea merikebu ambacho mabaharia wa Marekani wamekitumia vizazi kwa vizazi. Wanafunzi mnaolalamika juu ya hesabu, mkumbukeni mtoto yule wa mafundi mapipa. Tena manahodha wa Salem walikuwa na chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1799, ambacho mtu hakukubaliwa kuingia ila awe amekwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Vitu vya ajabu walivyorudi navyo viliwekwa katika nyumba ya chama, na nyumba hiyo ndiyo asili ya jumba la makumbusho lililoko Salem hata leo.

Walikwenda Sumatra kununua pilipili, wakaenda Mokha kununua buni, na katika miaka ya 1820 wakafika Unguja. Walitaka hasa meno ya ndovu na sandarusi. Sandarusi, kama mjuavyo, ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka mgumu ardhini, nao ulichimbwa Mrima. Wamarekani waliuyeyusha wakafanya vanishi ya kung'arishia viti, meza na magari ya farasi. Ilikuwa ikifika Salem na uchafu wake, ikaoshwa huko katika kiwanda maalumu. Mwaka 1861 serikali ya Marekani ilitoza ushuru sandarusi isiyosafishwa, na kuanzia hapo ikawa nafuu zaidi kuisafisha Unguja. Meno ya ndovu yalikwenda jimbo jirani la Connecticut, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, yakakatwa kuwa vitana, na vile vipande vyeupe vibonyezwavyo na vidole katika kinanda. Mwana wa tajiri wa Boston aliyejifunza kupiga kinanda mwaka 1850 huenda aligusa kila siku jino la ndovu aliyeanguka nyuma ya Tabora.

Wamarekani walitangulia mataifa ya Ulaya katika bandari yetu. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 merikebu za kigeni 41 zilitia nanga Unguja, na katika hizo 32 zilikuwa za Wamarekani, na nyingi ni za Salem. Lakini aliyeleta mkataba hakuwa mtu wa Salem. Alikuwa Edmund Roberts wa Portsmouth, katika jimbo jirani la New Hampshire, mfanyabiashara aliyekuwa amepata hasara nyingi. Alifika Unguja mwaka 1827, akaonana na Sayyid Said bin Sultan, akarudi kwao akaishawishi serikali yake. Mkataba ulitiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833. Kwa mkataba huo Mmarekani alilipa ushuru wa tano kwa mia juu ya mali aliyoishusha, basi. Akivunjikiwa na merikebu alistahili kusaidiwa. Na serikali yake ilikuwa na haki ya kuweka balozi. Waingereza walipata mkataba wa namna hiyo mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Roberts mwenyewe hakupata faida ya kazi yake, kwani alifariki Macao, nchi ya China, mwaka 1836.

Balozi wa kwanza alikuwa mtu wa Salem, jina lake Richard Waters. Alifika Unguja mwaka 1837 akakaa mpaka 1844. Serikali yake haikumpa mshahara, na kazi ya ubalozi aliifanya huku akiuza na kununua. Upesi alitambua mlango wa biashara ya Unguja uko wapi: alifanya urafiki na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha yote kwa Sayyid Said. Jairam ndiye aliyekusanya ushuru, ndiye aliyejua mali gani imekuja kutoka Mrima, na hamali wa forodhani walikuwa chini ya mkono wake. Watu hao wawili walipopatana, wachuuzi wengine waliona milango imefungwa, na Mwingereza mmoja aliyetaka kufanya biashara hapa alilalamika sana. Sioni ajabu. Mchuuzi aliye pia balozi, na mkusanya ushuru aliye pia dalali, wakikaa meza moja, nani atapata nafasi ya kuketi?

Lakini Waters alikuwa na upande wa pili. Alikuwa mtu wa dini, mwenye kushika Jumapili, tena mwenye kuuchukia utumwa, na katika kitabu chake cha kila siku aliandika huzuni yake alipoona watumwa wakipakiwa vyomboni. Huzuni hiyo naiamini kuwa ya kweli. Hata hivyo, alfajiri ya siku ya pili aliamka akahesabu majora. Mahamali waliopanda na kushuka ngazi za ghala, wengi wao walikuwa watumwa wa watu wa mjini waliogawana ujira na mabwana zao. Meno aliyoyanunua yalitoka bara katika misafara ambayo watumwa walikuwamo. Wala asingaliweza kununua frasila moja ya meno asipokuwa na nguo ya kubadilishana, na nguo hiyo nayo ina habari yake.

Kabla ya kufika huko nitaje kwa ufupi safari moja iliyokwenda kinyume. Mwaka 1840 Sayyid Said alituma merikebu yake Sultana mpaka New York, chini ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani. Alifika mwisho wa Aprili na tende, buni, meno, sandarusi, ngozi na karafuu, na zawadi za Rais, farasi wakiwa miongoni mwazo. Watu wa New York walijaa bandarini kumtazama. Mchoraji Edward Mooney alimpiga picha ya rangi, na serikali iliitengeneza merikebu bila ya malipo. Aliporudi, katika shehena yake yalikuwamo majora ya marekani. Watu wa Salem hawakuifurahia safari hiyo, kwani walipenda biashara yao ya Unguja ikae kimya, matajiri wa New York wasiigundue.

Sasa nguo. Marekani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kama vile vya mji wa Lowell, ambako maji ya mto Merrimack yaliendesha mitambo. Wafanya kazi walikuwa hasa wasichana waliotoka mashambani, wakaishi katika nyumba za bweni, wakaamshwa na kengele; mwaka 1834 na mwaka 1836 waligoma kwa sababu ya ujira. Hata Salem wenyewe wakajenga kiwanda chao cha mvuke, wakakiita Naumkeag, jina lile la wenyeji wa zamani, kikaanza kazi mwaka 1847. Nguo ya Massachusetts ilikuwa imara na bei yake rahisi, hata watu wa Manchester huko Uingereza wakajaribu kuiiga. Mnunuzi wa kwetu aliishika, akaivuta, akaijua.

Lakini Massachusetts hakuoti pamba, kwani baridi yake ni kali mno. Pamba yote ililetwa kutoka majimbo ya kusini, Georgia, Alabama, Mississippi, na huko ilipandwa na kuchumwa na watumwa, wajukuu na vitukuu vya watu waliochukuliwa Afrika. Mwaka 1860 watumwa wa Marekani walikuwa karibu milioni nne. Hivyo jimbo lililoukataza utumwa kwao mwaka 1783 liliishi kwa kufuma kazi ya watumwa wa jirani zake. Nguo hiyo ikapakiwa merikebuni Salem, ikazunguka Rasi, ikashushwa Unguja, ikanunua mali iliyobebwa na watumwa wa kwetu.

Je, hapakuwa na mtu Salem aliyeliona hilo? Walikuwapo. Katika mji ule ule wa Waters ilikuwapo nyumba ya Remond. Baba, John Remond, alikuwa mtu mweusi huru kutoka kisiwa cha Curaçao, mpishi mashuhuri wa karamu. Ukumbi ambao matajiri wa Salem walifanyia karamu zao ulikuwa chini ya mikono yake. Hata hivyo watoto wake walipokwenda skuli na watoto wa Kizungu walitolewa kwa sababu ya rangi yao, ikabidi wazazi wahame mji kwa muda ili watoto wapate elimu. Salem iliondoa ubaguzi huo katika skuli zake mwaka 1844. Mwanawe Charles, aliyezaliwa mwaka 1810, akawa msemaji wa kupinga utumwa, na mwaka 1840, mwaka ule ule Ahmad bin Naaman alipokuwa New York, yeye alikuwa London katika mkutano mkubwa wa wapinga utumwa. Wanawake wajumbe walipozuiwa kuketi pamoja na wanaume, Charles naye alikataa kuketi mahali pake.

Dada yake Sarah alimpita kwa ukali wa hoja. Mwaka 1853 alinunua tikiti ya mchezo mjini Boston, akaambiwa akae mahali pa watu weusi. Alipokataa alisukumwa mpaka akaumia. Alishitaki, akashinda, akalipwa dola 500. Mwaka 1859 alivuka bahari akaenda kuhutubia Waingereza, na katika mji wa Manchester, mji wa viwanda vya nguo, alisimama mbele ya watu ambao riziki yao ilikuwa ni pamba. Hakuwabembeleza. Aliwaambia ya kuwa kila aonapo mizigo ya pamba njiani huwakumbuka walioipanda, na ya kuwa katika mali yote ile hapana hata senti moja iliyoingia mikononi mwao. Maneno hayo aliwaambia Waingereza, lakini yeyote aliyekuwa na ghala la marekani, Salem au Unguja, yalimhusu. Sarah Remond hakurudi kuishi kwao. Alisomea uganga Italia, akafariki Roma mwaka 1894.

Wala sisi wa visiwani tusijitoe katika hesabu hii. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka kisiwa cha Bourbon, na Wamarekani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa karafuu. Tarehe 15 Aprili 1872 ilivuma tufani iliyong'oa mikarafuu mingi sana ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zimetoka Pemba, katika vilima kama vya Mtambile na Chake Chake. Mwenye shamba wa leo akianika karafuu zake juu ya jamvi huona neema ya Mungu, na ni kweli. Lakini mikono iliyofyeka na kupanda mengi ya mashamba yale ya zamani ilikuwa ya watumwa walioletwa kutoka bara, na wengi waliendelea kuletwa Pemba kwa siri hata baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873. Amri ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa na Sayyid Hamoud bin Muhammed tarehe 6 Aprili 1897. Mchuma karafuu wa Pemba na mchuma pamba wa Alabama hawakujuana kamwe. Nguo ya marekani ilipita kati yao.

Mwisho wa mambo ulianzia vitani. Mwaka 1861 majimbo ya kusini ya Marekani yaliasi kwa ajili ya utumwa, bandari zao zikafungwa na merikebu za vita, na pamba haikufika Massachusetts. Nguo ya marekani ikaadimika Unguja, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaingia mahali pake. Charles Remond katika siku hizo alikuwa akiandikisha askari weusi wa Massachusetts wa kikosi cha 54, wakaenda kupigana na mabwana wa mashamba ya pamba. Vita vilikwisha mwaka 1865 na utumwa ukaondolewa katika Marekani yote. Nguo ilirudi Unguja, lakini haikurudi na nguvu zake za kwanza, kwani viwanda vya Bombay vilikuwa karibu zaidi na bei yake rahisi zaidi. Hata hivyo, Henry Stanley alipokuja mwaka 1871 kumtafuta Dkt. Livingstone alikaa nyumbani kwa balozi wa Marekani, Nahodha Francis Webb, naye marekani ilikuwa miongoni mwa nguo alizonunua kwa safari yake.

Bandari ya Salem nayo ilikuwa imepungua. Maji yake si ya kina, na merikebu kubwa zilipenda Boston au New York. Mwandishi mashuhuri Nathaniel Hawthorne, mzaliwa wa Salem, alikuwa karani mkubwa wa forodha yake tangu 1846 mpaka 1849, na jina lake lilipigwa chapa juu ya mizigo iliyolipiwa ushuru. Katika kitabu chake cha mwaka 1850 aliwacheka wazee wa forodha waliosinzia vitini kwa kukosa kazi. Tarehe 1 Mei 1870 iliingia Salem merikebu iitwayo Glide, ikitoka Unguja. Ndiyo ya mwisho kufika bandari ile kutoka ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema.

Glide ilikuwa mali ya John Bertram, nahodha wa zamani aliyezaliwa kisiwa cha Jersey mwaka 1796, aliyefanya biashara ya Unguja tangu ujana wake akawa tajiri kupita wenziwe. Mwaka 1873, mwaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, na mwaka Charles Remond alipofariki, Bertram alitoa fedha zilizoanzishia hospitali ya Salem. Yeye alifariki mwaka 1882. Warithi wake waliutoa wakfu mji wa Salem nyumba yake kubwa ya matofali, nayo ikafunguliwa mwaka 1889 kuwa nyumba ya vitabu ya watu wote. Ipo mpaka leo, na watoto wa mji huo huingia humo kuazima vitabu.